Shajara ya mradi: Maserati 160 ya mwaka 1955, kutoka maboksi manne hadi barabara ya Maranello

11 Novemba 2023. Imefika

Ndiyo, ni Maserati, lile jina la magari ya kifahari ya Italia. Na ndiyo, ni pikipiki. Nilipotuma picha ya kwanza nyumbani Tanga, jamaa zangu wote walidhani nimebandika stika ya mkuki wa meno matatu kwenye toyo kuukuu. Sivyo. Jina limesubiwa kwenye aluminiamu ya injini, huwezi kulibandua.

Historia kidogo, maana usipoijua utauziwa kwa bei ya mjinga. Ndugu wa Maserati walifungua karakana yao Bologna mwaka 1914, na kabla ya magari ya mbio kuwapa jina walikuwa watu wa plagi za injini. Mkuki ule wa nembo yao aliuchora Mario Maserati, ndugu yao aliyekuwa mchoraji, akiuchukua kwenye sanamu ya Neptuno iliyoko katikati ya Bologna. Mwaka 1937 familia ya Orsi ya Modena ikainunua kampuni. Mwaka 1953 familia hiyo ikagawana mali: Adolfo Orsi akabaki na magari, dada yake Ida akachukua kampuni ya plagi na betri. Hii ya dada ndiyo iliyoinunua Italmoto, kampuni ndogo ya pikipiki ya Bologna, ikaanza kutoa pikipiki zenye ule mkuki, na ikaendelea hadi 1960. Kwa hiyo gari na pikipiki ni mabinamu tu: jina moja, nyumba mbili. Mwaka 1957, dereva wa mbio Fangio anachukua ubingwa wa dunia kwa gari la Maserati 250F, mwenye pikipiki kama hii yangu alikuwa anaipiga kiki asubuhi awahi kazini.

Ujue pia kwamba si ya ajabu peke yake. Lamborghini ya 1986 iliyoitwa Design 90 ilikuwa na injini ya Kawasaki na iliundwa Ufaransa. Aston Martin AMB 001, iliyooneshwa Milano mwaka 2019 na kupangiwa pikipiki 100 tu, ilitengenezwa pamoja na Brough Superior. Pikipiki yenye jina la gari la kifahari karibu kila mara ina baba mwingine. Ya kwangu angalau ilizaliwa mkoa uleule.

Na ni ya kawaida sana. Silinda moja, cc 158, nguvu za farasi 7.5. Boxer ya bodaboda inaiacha mbali. Hilo ndilo lililonifanya niinunue: nikaona kwamba chuma chake nakiweza, jina ndilo litakalonila.

Nilichopata: chesisi, magurudumu mawili, tanki, shokapu, madigadi ya nyuma, ekzosi iliyooza, na injini iliyofunguliwa nusu na kutupwa ndani ya maboksi manne ya ndizi. Hakuna taa ya mbele, hakuna siti, hakuna nembo za tanki. Muuzaji, shamba moja nje ya Reggio Emilia, alitaka yuro 2,600. Tukaishia 1,900, na 90 za gari la kubebea. Kilichonifanya nitoe pesa ni kitabu chake cha usajili cha zamani na namba yake ya Modena, vyote vipo. Ukiona mojawapo ya hizi bila kitabu, geuka urudi nyumbani hata kama imetakaswa kama pete.

Karakana yangu ni stoo ya chini ya jengo, mita tatu kwa tano, Sassuolo. Mchana niko kiwanda cha vigae. Ufundi nilijifunza kwa mjomba, gereji ya pikipiki na baiskeli, Ngamiani, hukohuko Tanga. Naandika haya kwa fundi mwingine atakayeokota yake.

3 Desemba 2023. Magadi

Tanki lilikuwa na kutu ndani kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Sikutia asidi. Nilijaza maji yenye magadi ya kufulia, nikaning'iniza nondo katikati kupitia mdomo wa tanki bila kugusa popote, chanya ya chaja kwenye nondo, hasi kwenye tanki. Ampea nne, saa 30, nondo ikisuguliwa kila inapojaa utando. Mambo mawili: fanya nje, kwa sababu povu lile linatoa gesi inayolipuka, na tumia nondo ya kawaida, usitumie chuma kisichoshika kutu, maji yake yatakuwa sumu.

Likatoka jeusi na safi. Safi kiasi kwamba likaonesha matundu matatu, madogo kama ncha ya sindano, upande wa chini nyuma. Kutu ndiyo iliyokuwa imeyaziba miaka yote.

Hapa nikafanya kosa ambalo sikujua ni kosa hadi Julai. Nilinunua dawa ya kuziba matanki kwa ndani, ile ya kuchanganya makopo mawili, yuro 48, nikaimimina, nikalizungusha tanki kama mtu anayetikisa dafu, nikaliacha siku nne. Likang'aa ndani kama bakuli. Nikajipongeza.

20 Januari 2024. Pistoni, kosa la kwanza

Silinda ya asili ni milimita 60. Yangu ilikuwa imeliwa na kuwa yai, 60.35 sehemu mbaya zaidi. Ovasaizi (pistoni pana kuliko ya asili) za Kiitaliano hupanda kwa 0.2, kwa hiyo nikaamua 60.6 ili iwe safi. Nikaingia mtandaoni, nikapata pistoni ya 60.6, pini ya kipenyo kilekile, ringi tatu, yuro 42. Muuzaji alisema inaingia kwenye "injini nyingi za Kiitaliano za miaka ya hamsini". Kauli hiyo ilitosha kunishtua, lakini nilishalipa.

Fundi wa kuchonga silinda alinichonga kwa kufuata pistoni niliyompa, akaacha nafasi ya 0.055, kazi safi, yuro 70. Nikarudisha krankshafti yenye konrodi mpya na beringi zake (165, hizo hazikunisumbua), nikavaa silinda, nikafunga kichwa. Nikazungusha kwa mkono kupitia nati ya flaiwili.

Ikagoma. Si kwa ukali. Ilisimama tu kabla ya kufika juu, *tik*, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Namshukuru mjomba, aliyekuwa akinichapa kofi la kisogo kila nikitaka kupiga kiki injini ambayo sijaizungusha kwa mkono. Ningepiga kiki, ningepinda valvu.

Nikafungua. Kichwani mwa pistoni kulikuwa na alama ndogo ya mwezi mchanga, pale valvu ilipogusa. Nikapima nilichopaswa kupima mwanzoni: kimo kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni. Ya zamani, milimita 34. Mpya, 36.

Kipenyo ni nusu ya habari. Kabla ya kulipia pistoni yoyote ya injini adimu, pima vitu vinne kwenye ile ya zamani, hata kama imevunjika: kipenyo cha pistoni, kipenyo cha pini, kimo kutoka pini hadi juu, na upana wa mkono wa konrodi kati ya masikio ya pini. Muuzaji asiyeweza kukupa vipimo hivyo vinne anauza bahati nasibu.

17 Februari 2024. Pistoni, kosa juu ya kosa

Badala ya kukubali hasara ya yuro 42, nilitaka kuiokoa. Ghorofa ya pili kuna mzee aliyestaafu, alikuwa mkereza vyuma maisha yake yote. Nilimpelekea pistoni nikamwomba anikereze milimita mbili juu. Akaipima unene wa kichwa, akanirudishia, akasema kwa kilahaja chao neno ambalo baadaye mke wake alikataa kunitafsiria.

Basi nikaja na akili nyingine: nyanyua silinda. Nikachongesha bati la aluminiamu la milimita mbili (25), nikaliweka chini ya silinda na gasketi pande zote mbili. Pistoni ikapita juu bila kugusa. Safi! Ila sasa kichwa kimepanda milimita mbili, na fimbo za kusukumia valvu hazijapanda. Skrubu za kurekebishia valvu zikafika mwisho wa uzi na bado kulikuwa na uwazi wa kupitisha senti. Nikarefusha fimbo kwa vikofia. Halafu bati likaanza kutoka oili kwenye gasketi zote mbili, na hiyo ni bila injini kuwaka, ni kwa kuisukuma tu kwa mkono.

Nilikaa kwenye ndoo nikaitazama. Usiku ule nilitupa bati.

Pistoni sahihi nilipata kwa simu. Bologna kuna duka dogo ambalo bado linashughulika na pistoni za zamani tu. Nikamsomea muuzaji vipimo vyangu vinne, akanyamaza kidogo, akaenda nyuma, nikasikia masanduku yakivutwa. "Ninayo ya 60.8," akasema. "Ya 60.6 imeisha." Yuro 78. Silinda ikarudi kuchongwa mara ya pili, 70 nyingine. Fundi hakuniuliza kitu, na mimi sikumweleza.

Sasa inazunguka. Kwenye kichwa cha pistoni niliweka donge la udongo wa kuchezea wa watoto, nikafunga, nikazungusha mara mbili, nikafungua na kulikata kwa wembe: pembamba zaidi ni milimita 1.8. Nimeridhika.

23 Machi 2024. Wekundu

Kila mtu anajua Maserati ni nyekundu. Nyekundu ipi?

Tanki lilikuwa limepakwa na mwenyewe wa awali kwa rangi ya gari, nyekundu inayopiga kelele. Mimi nikadhani kwa kuwa ni Maserati basi rangi ya Maserati itafaa, nikaenda kuchanganyiwa kwa namba ya rangi ya gari jipya. Tanki, madigadi na boksi la pembeni, yuro 120 za rangi na kupuliza. Matokeo yalikuwa mazuri sana na si ya pikipiki hii. Ilionekana kama mzee aliyevaa viatu vya mjukuu.

Ukweli ulikuwa mahali nilipoufuta kwa mkono wangu. Nembo za tanki huwa zinakaa juu ya rangi ya asili, na chini yake jua halifiki. Nilikuwa nimeshapiga msasa sehemu hiyo. Kilichoniokoa ni bano la siti chini ya chesisi: nilipolifungua ili kusafisha uzi, nikakuta kipande cha upana wa ukucha wa dole gumba chenye rangi ya kiwandani. Nyekundu iliyoiva, kama komamanga lililopasuka, karibu na kahawia ukiitazama kivulini. Nilikipeleka dukani chesisi nzima begani. Yule dada wa dukani akakisoma kwa mashine yake mara tatu, kisha akaiweka mashine pembeni na kuchanganya kwa jicho. Jicho lilishinda. Mara ya pili ilinigharimu 260, kwa sababu safari hii sikupulizia mwenyewe stoo.

Kabla ya kupiga msasa mahali popote, piga picha mchana, na uache kipande kimoja bila kukigusa.

Mengine ya mwezi huu kwa haraka: spoki mpya na kusuka magurudumu (85 za spoki, kusuka nilisuka mwenyewe, huko Ngamiani nilisuka mia kadhaa kabla sijaota ndevu), tairi na tyubu 130, kromu ya rimu, usukani na ekzosi 410. Kwenye kromu usibishane bei. Anayekuchajia nusu atakurudishia nusu.

20 Aprili 2024. Imewaka, na haikutaka kuzima

Waya zote mpya, volti 6 kama asili. Platini, vile viguso vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, nimeziseti uwazi wa milimita 0.4. Petroli, choki, kiki ya tatu: ikawaka. Sauti ni kavu na fupi, *ta-ta-ta-ta*, mlio wa cherehani ya mguu iliyokasirika.

Nikazungusha mkono wa mafuta kidogo, ikapanda. Nikaachia. Ikaendelea kupanda. Hakuna swichi ya kuzimia niliyokuwa nimeunganisha (fundi mzima!), kwa hiyo nilichomoa kofia ya plagi kwa kitambaa na bado nikapigwa shoti hadi kwenye kiwiko.

Kabureta ni Dell'Orto, kilichotengenezwa kwa aloi ile laini ya zinki ambayo haipendi nguvu. Kimefungwa kwenye kichwa kwa nati mbili, na kwa miaka karibu 70 kila aliyekiona kikivuja hewa alikaza zaidi. Masikio yakapinda kuelekea injini, katikati kukabinuka, na ukikaza tena mwili unabana na slaidi, kile kizibo cha ndani kinachopanda na kushuka ukizungusha mkono wa mafuta, inakwama juu. Ikiwa nje inateleza yenyewe, ikifungwa inakwama. Hiki ndicho kinachowachanganya watu: wanasafisha, wanapaka oili, wanabadilisha springi, na ugonjwa upo kwenye nati.

Dawa: kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza, msasa namba 400 juu yake na mafuta kidogo, kisha uso wa kabureta unasuguliwa kwa mwendo wa namba nane, taratibu, hadi uguse kote. Ilinichukua jioni mbili. Kati ya kabureta na kichwa nikaweka kipande kinene cha fiba cha kuzuia joto, na ringi ya mpira. Nati zinakazwa kwa vidole, halafu robo ya mzunguko kwa spana, basi. Ikiwa inavuja hewa hapo, rudi kwenye kioo, usiende kwenye spana. Vyote pamoja na jeti mpya, yuro 60.

1 Juni 2024. Maserati yafia Maranello

Karatasi zimekwisha, imeingia jina langu, yuro 190. Safari ya kwanza ya kweli: Sassuolo, Fiorano, Maranello, kurudi.

Dakika kumi na tano za kwanza sitaki kuzieleza, nitaonekana mtoto. Ya kumi na sita ikakohoa. Ya kumi na saba ikafa, si mbali na makumbusho ya Ferrari, wapinzani wa Maserati, mbele ya kundi la watalii wenye kofia nyekundu. Mmoja akaona mkuki kwenye fulana niliyovaa, akalitazama tanki lisilo na nembo, akaanza kucheka. Wenzake wakatoa simu. Kwa kweli kama kuna mahali Maserati haipaswi kufia, ni pale. Nikaisukuma hadi kivulini, nikanywa maji, baada ya dakika ishirini ikawaka kwa kiki moja kama haijafanya kitu. Nikatoka. Dakika kumi, ikafa tena.

Wiki mbili nilizungushwa. Nilidhani ni tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki limeziba: nikaendesha na kifuniko kikiwa wazi, ikafa. Nikabadilisha plagi: ikafa. Nikanunua koili mpya, 65: ikafa, kwa moto mzuri zaidi.

Mwishowe nikampigia mjomba, saa tatu usiku kwao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bado unahangaika na hilo lidude la Kizungu?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, nikasikia anatafuna kitu.

"Ikipoa inawaka?"

"Kiki moja."

"Ikipata moto inakufa polepole au ghafla?"

"Inakohoa kwanza."

"Usiku, ukiizungusha, platini zinatoa cheche nyeupe kubwa?"

Sikuwa nimetazama. Nikashuka stoo na simu mkononi, nikazima taa, nikazungusha. Pale ambapo panapaswa kuwa na kijicheche cha rangi ya samawati, palikuwa na mmweko wa kung'aa kama wa kuchomelea vyuma.

"Kondensa," akasema mjomba. "Hiyo imekufa tangu kabla hujazaliwa. Koili ya nini umenunua?"

Kwa wasiojua: platini zinapoachana, umeme unataka kuruka ule uwazi. Kondensa inaumeza kwa muda huo mfupi, ili sumaku ya koili iporomoke kwa ghafla na kutoa moto mkali kwenye plagi. Kondensa za zamani ndani ni karatasi na bati nyembamba zilizokunjwa. Zikizeeka, karatasi inavujisha umeme, na joto linazidisha. Baridi inapona, moto inaugua. Na iko ndani kabisa, nyuma ya flaiwili, mahali penye joto kuliko pote.

Mpya ya kawaida, yuro 9. Sikuirudisha nyuma ya flaiwili. Nimevuta waya mmoja nje na kuifunga chini ya tanki, penye upepo, mwili wake ukigusa chesisi vizuri (kwangua rangi, komamanga au si komamanga). Platini nikazisugua kwa kijiti cha msasa laini na kuziseti upya. Jumapili iliyofuata nilikwenda Maranello na kurudi mara tatu mfululizo. Watalii walikuwepo. Hawakutoa simu.

21 Julai 2024. Maganda

Pikipiki ilianza kukosa mafuta kwenye kupanda. Nikafungua kikombe cha kabureta nikakuta vipande vya njano, vyembamba kama maganda ya vitunguu. Nikachungulia ndani ya tanki kwa tochi: ile dawa ya yuro 48 ilikuwa inabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Baada ya magadi nilisuuza kwa maji na kukausha kwa hewa, na chuma kilichotoka kwenye magadi kinashika utando wa kutu ndani ya dakika chache. Dawa ilishika kutu, haikushika chuma. Na petroli ya siku hizi yenye spiriti inatafuta mwanya wa kuingia chini yake.

Kuitoa: asetoni lita tatu, tanki likazibwa, siku mbili, mnyororo mfupi wa chuma ndani, kutikisa hadi mabega yanaomba poo. Inatoka kwa makunyanzi. Niliifunika rangi ya nje kwa tabaka tatu za plastiki na bado tone moja likala kipande cha upana wa shilingi karibu na mdomo. Nimekiacha. Kinanikumbusha kuvaa miwani ya karakana.

Matundu matatu nimeyalehemu kwa bati. Ikiwa hujawahi: tanki la petroli, hata tupu, ni bomu. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni mara nne, kisha nikalijaza maji hadi karibu na sehemu ya kulehemu, liegemee, mdomo wazi, nje ya nyumba, na joto nililitoa kwa pasi kubwa ya shaba. Sikutumia moto wa wazi. Kwangua chuma kiwe cheupe, paka asidi ya kulehemu, kisha bati lenyewe litatafuta njia. Gharama, 15. Ningeanza na hili Desemba, ningekuwa na yuro 48 na ngozi ya mkono wa kulia.

22 Septemba 2024. Hali ilivyo

Imola kila Septemba kuna mnada na soko la spea kuukuu kwenye uwanja wa mbio, na huko ndiko nilikomalizia. Taa ya mbele yenye pete yake, 140, na muuzaji akanifungia kwenye gazeti. Siti nilishatandikiwa mapema, 150. Halafu nembo.

Nembo mbili za tanki, mkuki na jina, upana wa kiganja cha mtoto, moja ina mkwaruzo: 170. Kwa pesa hiyo nilipata konrodi na beringi zake zote. Mzee wa meza alijua ninachotafuta kabla sijafungua mdomo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inapita juu ya vitu vingine bila kuvigusa. Nilijaribu kupunguziwa kwa mbinu zote za Soko la Mgandini kule Tanga, pamoja na ile ya kuondoka bila kugeuka nyuma. Nikageuka nyuma.

Hesabu: jumla yuro 4,425, pamoja na pikipiki yenyewe. Kati ya hizo 370 ni ada ya ujinga: pistoni ya kwanza, kuchonga silinda mara ya kwanza, bati la milimita mbili, wekundu wa kwanza, dawa ya tanki, na koili ambayo ilikuwa haina hatia (koili ya zamani ipo kwenye droo, nzima, anayeitaka aniambie). Saa za kazi sijahesabu na sitahesabu.

Inakwenda kilomita 80 kwa saa bila kulalamika. Zaidi ya hapo sijaisukuma. Breki ni za dramu na zinahitaji uandike barua mapema.

Kilichobaki: gia ya tatu inaruka. Ukiwa unapanda na umeishika vizuri hakuna shida, lakini ukiachia mafuta kwenye mteremko wa kutoka Serramazzoni, inajirusha huru na injini inapiga kelele. Nimefungua kifuniko cha pembeni, uma wa kubadilishia gia haujapinda. Kwa hiyo meno ya gia yenyewe yamelika pembeni, na kuyafikia lazima injini ipasuliwe katikati. Duka la Bologna halina gia. Mzee wa ghorofa ya pili amesema nimletee gia zenyewe atazitazama, halafu akauliza kama ile pistoni ya milimita 36 bado ninayo, maana anataka kuifanya kopo la kuwekea kalamu.